Burundi: Udongo Unaoshuka Milimani

Jirani yetu Burundi hana pwani. Nchi yake ya kilomita za mraba 27,834 sehemu kubwa ni vilima na milima. Mgongo wa milima hiyo ndio unaogawa maji: ya upande wa mashariki huingia Ruvubu, kisha Kagera, hatimaye Naili, ya magharibi huteremkia Ziwa Tanganyika.

Katika miteremko hiyo wanaishi watu zaidi ya milioni 12, wengi wao wakulima wa vishamba vidogo. Miti ikikatwa, mvua huuzoa udongo, na udongo hausubiri kibali cha mpakani. Huishia katika ziwa lile lile wanamovua dagaa na migebuka Warundi, Wakongo, Wazambia na wenzetu wa Kigoma. Aprili 2020 Mto Rusizi ulifurika ukawang'oa maelfu ya watu Gatumba, karibu na Bujumbura. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likavamia nyumba.

Kwa hiyo makingamaji yanayochimbwa Burundi si shughuli ya Warundi peke yao. Nchi zote nne zilitia saini mkataba wa kulihifadhi ziwa hilo, hapa hapa Dar es Salaam, Juni 2003.