Jeli Chini ya Ngozi na Safari ya Kila Siku ya Ngara: Hoja ya Buprenofini ya Sindano Jijini Nairobi

Tangu kliniki ya kwanza ya methadoni nchini Kenya ilipofunguliwa katika Hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, na baadaye nyingine Ngara, tiba ya uraibu wa heroini jijini Nairobi kwa kawaida imefuata utaratibu mmoja: mteja hufika kila siku, hunywa dawa mbele ya mhudumu, huondoka. Dawa hii inafaa, lakini nguvu yake hudumu takriban siku moja. Anayeishi Kangemi au Kawangware hulazimika kufika mjini kwa matatu, aendelee hadi Ngara, kisha arudi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Akikosa nauli au akipata kibarua cha alfajiri, arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, humkuta kabla ya jioni, na kete ya heroini iko karibu kuliko kliniki. Makala hii inadai kwamba umbali huo ni sehemu ya ugonjwa tunaoutibu, na kwamba jeli inayojiunda mwilini inaweza kuupunguza.

Jeli moja ya aina hiyo hudungwa chini ya ngozi ikiwa kimiminika chenye buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, na mafuta ya aina mbili. Mafuta hayo yanapofyonza maji ya mwilini hujipanga na kuwa jeli nzito inayoishikilia dawa. Vimeng'enya huimega polepole, na dawa hutoka kwa wiki moja au kwa mwezi, kulingana na aina ya sindano. Ulaya iliidhinisha dawa hii mwaka 2018 na Marekani mwaka 2023. Haihitaji jokofu, jambo lenye uzito kwa vituo vidogo vya afya. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018, watu 428 walifuatiliwa kwa wiki 24, na sindano hizo hazikuwa duni kuliko vidonge vya buprenofini vya chini ya ulimi. Hata hivyo zililinganishwa na vidonge, si na methadoni. Kwa hiyo ushahidi huu unaunga mkono kuongeza chaguo, hautoshi kuifuta methadoni.

Wapo watakaosema kwamba sindano ni ghali. Ni kweli, na tatizo lina mizizi zaidi ya hapo: nauli inayookolewa ni ya mteja, ilhali bili ya sindano ni ya serikali na wafadhili. Ndiyo maana sindano ianze kwa wanaokaa mbali na wenye kazi, si kwa wote. Wengine watasema kwamba jeli ikishaingia haiondolewi kirahisi, na ikidungwa ndani ya mshipa wa damu inaweza kuuziba. Hatari hiyo ni halisi. Jibu lake ni dawa kudungwa na mhudumu aliyefunzwa, isipewe mteja aende nayo nyumbani. Vilevile, anayetumia methadoni nyingi hawezi kuhamishwa ghafla, kwani buprenofini inaweza kumletea arosto kali papo hapo. Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba ziara ya kila siku humkutanisha mteja na mshauri wake. Lakini dakika chache dirishani si ushauri nasaha. Mhudumu aliyepunguziwa foleni anaweza kumpa mteja saa nzima kwa mwezi.

Pendekezo ni hili: kituo kimoja cha afya upande wa magharibi wa jiji kianze kutoa sindano hii kwa wanaoichagua kwa hiari, methadoni ikiendelea Ngara, na baada ya miezi sita tuhesabu waliobaki kwenye tiba katika kila kundi.