Mlima Wenye Mawingu

 

Leo tungependa tuutazame mlima wetu pamoja. Sisi tunaokaa chini yake tumezoea kuutazama asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda. Wazee wetu wa Kikuyu waliuita Kirinyaga, na walipoomba waliuelekea. Wapimaji wanatuambia kwamba kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana, ambacho vijana wetu wengi hukipanda, mita 4,985. Katika Afrika nzima ni Kilimanjaro peke yake unaoupita.

Basi kijana aliyesoma anaweza kutuuliza hivi: "Huko ng'ambo milima mirefu imejengwa vituo vya kuchunguzia nyota. Mbona mlima wetu, mrefu namna hii, hauna hata darubini moja kubwa juu yake? Je, tumesahauliwa?" Hilo ni swali jema, nasi tulijibu kwa utaratibu.

Kwanza tujue kwa nini darubini hupelekwa mlimani. Si kwa sababu ya kuzikaribia nyota. Ukiliacha jua letu, nuru ya nyota iliyo karibu nasi kuliko zote husafiri zaidi ya miaka minne ndipo itufikie. Mbele ya umbali kama huo urefu wa mlima si kitu. Sababu yenyewe ni hewa. Simama kando ya mto Sagana utazame jiwe lililo chini ya maji yanayokwenda. Utaliona likicheza huku na huku, ingawa limetulia. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo na nuru, na ndiyo sababu nyota humetameta. Tena mvuke wa maji ulio hewani humeza sehemu ya nuru isiyoonekana kwa macho yetu. Apandaye juu sana huiacha chini yake sehemu kubwa ya hewa na ya mvuke ule.

Kwa hiyo wataalamu wamejenga juu ya mlima Mauna Kea, katika visiwa vya Hawaii, mita 4,205 kutoka baharini. Huko ziko darubini mbili zilizo pacha, ziitwazo Keck, kila moja ikiwa na kioo cha upana wa mita 10. Mara nyingi mawingu ya huko hulala chini ya kilele kama blanketi, na juu anga hubaki safi. Katika jangwa la Atacama, nchini Chile, zimesimamishwa sahani 66 za kupokea mawimbi ya redio kutoka angani, mahali penye mita 5,000 hivi, yaani juu kidogo kuliko Lenana.

Mlima wetu unaushinda Mauna Kea kwa karibu mita elfu moja. Lakini sote twazijua tabia zake. Jua likishapanda, hewa yenye unyevu nayo hupanda kutoka mabondeni, na mara nyingi kufikia saa nne au saa tano vilele vimekwisha kufunikwa. Halafu kuna mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Darubini kubwa hugharimu fedha nyingi mno, wala hakuna mtu wa kuiweka mahali ambapo atangoja miezi mizima mawingu yaondoke.

Hiyo ndiyo sababu, ndugu zangu. Hatukusahauliwa. Mlima wetu una mawingu.

Sasa tujiulize, hayo mawingu ni laana? Waulizeni wakulima wa mpunga wa Mwea, wanaonyweshea mashamba yao kwa maji ya Thiba na Nyamindi. Waulizeni wafugaji wa Isiolo na Samburu, ambao mifugo yao hunywa Ewaso Ng'iro, mto unaopokea maji ya Naro Moru, Burguret na Nanyuki. Iulizeni taa iliyowashwa nyumbani, maana sehemu ya umeme wetu hutoka katika mabwawa ya Tana, na maji ya Tana huanzia mlimani hapa na katika milima ya Nyandarua. Lile jangwa la Atacama ni miongoni mwa mahali pakavu kuliko pote duniani. Mlima wetu ungekuwa mkavu namna ile, wenye darubini wangefurahi sana, lakini ni mama gani wa Mathira ambaye angechuma chai?

Wahenga wetu wa Kiswahili walilifahamu jambo hili. Walisema, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kikundi cha nyota ndogo ambacho wakulima walikitazama ili wajue majira ya kulima. Waliangalia juu kwa ajili ya shamba lililo chini.

Tuendelee kidogo. Iko darubini kubwa katika Afrika, huko Sutherland, katika nyanda kavu za Karoo, Afrika Kusini. Ilizinduliwa mwaka 2005, na jina lake kwa kifupi ni SALT. Labda mtadhani kwamba iko juu ya mlima wa kutisha. La. Iko karibu mita 1,800 kutoka baharini, karibu sawa na mji wetu wa Nyeri. Watu wa Nanyuki wanalala juu kuliko darubini ile. Iliwekwa pale kwa sababu mahali ni pakavu, na usiku ni wa giza kabisa. Mwaka 2007 nchi ile ilitunga hata sheria ya kuyalinda maeneo kama hayo, ili taa na mitambo visiwasumbue watazamaji wa nyota. Mwaona basi kwamba urefu peke yake hautoshi. Mahali panachaguliwa kwa kuifaa kazi.

Tena kioo cha darubini ile, chenye upana wa mita 11 hivi, si kipande kimoja. Ni vioo 91 vidogo vya pembe sita, vilivyopangwa kama sega la nyuki. Kila kimoja lazima kielekezwe sawasawa na vingine, ili vyote viwe kama kioo kimoja. Hakuna kilicho na nuru yake chenyewe. Kazi ya kila kimoja ni kuipokea nuru na kuipeleka mahali pamoja na wenzake. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi hakuwa ameiona darubini, lakini angeielewa upesi.

Pengine mtu atasema, "Hao wa kusini walibahatika, sisi tulinyimwa." Basi tusikie habari nyingine. Ikweta inapita hapa Nanyuki, na mtu aliyesimama juu yake ana bahati ambayo watu wa London na wa Cape Town hawana. Wa London hawauoni Msalaba wa Kusini. Wa Cape Town hawaioni Nyota ya Kaskazini. Lakini katika mwaka mmoja mbingu zote mbili, ya kaskazini na ya kusini, hupita juu ya Nanyuki.

Palikuwa na mtaalamu wa India, Profesa Govind Swarup. Huko Ooty, kusini mwa India, yeye na wenzake walijenga darubini ya redio yenye umbo la hori la kulishia ng'ombe, urefu wake mita 530. Ili hori lile liweze kuzifuata nyota, lilipaswa kulala sambamba na mhimili wa dunia, kwa hiyo wakalilaza juu ya mteremko wa kilima uliofaa. Penye ikweta hapahitajiwi mteremko, kwa kuwa mhimili huo uko sawa na ardhi tambarare. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Profesa Swarup alipendekeza darubini kubwa zaidi, yenye urefu wa kilomita 2, ijengwe penye ikweta kwa ushirikiano wa nchi zinazoendelea, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizofikiriwa. Mpango ule haukutimia. Mtaalamu yule hakukaa chini kulia. Alibuni darubini ya namna nyingine iliyoifaa nchi yake, nayo ikajengwa karibu na Pune, sahani 30, kila moja ya upana wa mita 45. Mlango mmoja ulipofungwa, alitazama alichokuwa nacho mkononi.

Na mlima wetu je, haukupewa zamu yoyote ya kulinda? Umepewa. Tangu mwaka 1999 kuna kituo kwenye mteremko wake, mita 3,678 kutoka baharini, kilichoanzishwa ili kuipima hewa ya dunia. Ni kazi ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Mahali pale palichaguliwa kwa kuwa ni juu, karibu na ikweta, na mbali na moshi wa viwanda. Hapo hupimwa gesi zilizomo hewani, ozoni ikiwa mojawapo. Milima mingine imewekwa kutazama nyota. Wetu umewekwa kutazama pumzi ya wanadamu.

Ndugu na dada, tumeyasema haya yote kwa sababu ya jambo lililo zito mioyoni mwetu. Katika nyumba nyingi za mlimani hapa watoto hupimwa kwa urefu tu. Matokeo ya mtihani yakitoka, aliyepata alama za juu huchinjiwa mbuzi, na ndugu yake huambiwa, "Mwangalie mwenzio." Huambiwa hivyo leo, na kesho, na mwaka ujao, mpaka aamini kwamba hafai. Sisi wachungaji tumesimama kando ya makaburi ya vijana walioamini hivyo, wakatafuta faraja katika pombe haramu, na pombe ile ikawaua. Wengine hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa na mikono ya kutengeneza injini, au moyo wa kuwatunza wagonjwa, au subira ya kulea ng'ombe. Walikuwa milima yenye mawingu, na sisi tuliwataka wawe Atacama.

Wazazi, tafadhalini, tusingoje kaburi. Jioni hii mtazame yule mtoto uliyemnyamazia. Usimwulize kwa nini hakuwa kama fulani. Mwulize ni kazi gani anayoifanya akasahau njaa. Kisha umsikilize mpaka amalize.

Nawe kijana uliyejifungia chumbani, ukisema kwamba hakuna aliyekuchagua, kesho amka mapema utoke nje uutazame mlima. Mawingu yakija kuufunika, usiseme umepotea. Uko kazini. Unateka maji ya watu ambao hautawaona kamwe.

Daudi alizitazama mbingu za usiku akajiona kuwa mdogo sana, hata hivyo akatambua kwamba Mungu anamkumbuka. Yeye aliyezipanga nyota mahali pake ndiye aliyeupanga mlima huu na mawingu yake. Naye hakukosea alipokupanga wewe.

Tuombe. Ee Bwana, utufundishe kuwatazama watoto wetu kama wewe unavyowatazama. Uwarudishe nyumbani waliokata tamaa, na utupe sisi maneno ya kuwapokea. Amina.

Kwaherini, wapendwa, mpaka juma lijalo.