Sungura Akiumia Mguu

Sungura wa mtoto akivunjika mguu, wengi wetu husema, "Basi, aende kwa sufuria." Hebu tungoje kidogo.

Mguu ukinaswa kwenye waya wa kibanda, usivute. Kata waya. Usimwinue kwa masikio. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine chini ya matako, kwa sababu akirusha miguu kwa nguvu anaweza kujivunja mgongo.

Mweke peke yake kwenye sanduku dogo lenye nyasi kavu, kivulini. Joto letu la Mtito Andei mnalijua: humwua sungura mzima, sembuse mgonjwa. Akiwa na kidonda, kioshe kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa yakapoa. Kitazame asubuhi na jioni, maana nzi wakitaga hapo, funza huingia.

Jambo kubwa ni kula. Asipokula siku nzima, tumbo husimama, na hilo laweza kumwua kabla ya mguu. Nyasi na maji viwe karibu na mdomo. Dawa za watu usimpe. Mwiteni afisa wa mifugo. Mguu ukifungwa vizuri, huweza kuunga kwa wiki 4 hadi 6.

Lakini miguu yote ya nyuma ikilegea, na ukimfinya hasikii, huenda mgongo umekatika. Afisa akithibitisha, msimwache ateseke.

Basi kikundi kichange pesa za matibabu ya mifugo mapema. Ajali haipigi hodi.