Tabibu Naye Hana Budi Kujifunza



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kazi ya utabibu. Sisi si matabibu. Kazi yetu ni kufundisha. Lakini kwa kuwa twakaa Kariakoo, twasikia mengi mlangoni pa zahanati, na neno moja tulilolisikia huko ndilo lililotufanya tukubali kusimama mbele yenu.

Asubuhi moja bibi mmoja alimleta mjukuu wake katika zahanati ndogo ya mtaani kwetu, akakuta tabibu hayupo. Akaambiwa ya kuwa amekwenda kwenye mkutano wa chama cha madaktari kusikiliza mafundisho, na aliyebaki ni msaidizi wake. Bibi yule akashika kiuno, akasema, "Kumbe bado anasoma? Basi mwaka jana aliponitibu alikuwa hajui?" Watu wakacheka, nasi tukacheka. Lakini baadaye tuliona ya kuwa swali lile ni la haki, nalo lapaswa kujibiwa.

Sisi tuliopita miaka 40, ni nani kati yetu asiyeikumbuka klorokwini? Mtoto akishikwa na homa alipewa vidonge vile vichungu, na wengine wetu tulijikuna usiku kucha. Tabibu aliyetupa dawa ile hakukosa. Ndivyo alivyofundishwa, na katika siku zake dawa ile iliponya. Lakini vijidudu vya malaria vikaizoea. Kwa hiyo mwaka 2001 Serikali ikaiacha klorokwini, ikaweka SP mahali pake. Nayo SP haikudumu. Mwaka 2006 ikaamriwa dawa mseto. Kisha mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba damu ipimwe kwanza kabla ya kutoa dawa, maana si kila homa ni malaria. Hesabuni basi: tabibu aliyehitimu mwaka 2000 aliona elimu yake juu ya ugonjwa mmoja tu ikigeuka mara tatu katika miaka kumi. Kama angalishikilia yale aliyoyaandika katika daftari lake chuoni, angalifanya kazi kwa bidii na kwa moyo mwema, huku wagonjwa wake wakizidi kudhoofika.

Tena iko habari iliyotoka karibu nasi. Kwa miaka mingi mtoto aliyezidiwa na malaria alitiwa kwinini, na kwinini iliokoa wengi. Kisha matabibu na wachunguzi katika nchi 9 za Afrika wakaungana kutafuta kama iko dawa iipitayo hiyo. Na miongoni mwa mahali walipofanyia kazi walikuwamo watoto wa Muheza na Korogwe, katika mkoa wa Tanga. Mwaka 2010 wakatangaza waliyoyaona. Katika watoto 2,712 waliopewa artesuneti walikufa 230. Katika watoto 2,713 waliopewa kwinini walikufa 297. Tofauti yake ni watoto 67. Tabibu aliye peke yake katika zahanati yake asingaliweza kuiona tofauti hiyo kwa macho yake, maana kwa dawa zote mbili angaliona wengi wakipona na wachache wakifa. Wengi walipoweka hesabu zao pamoja, ndipo kweli ilipoonekana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini kweli ikiisha kuonekana, itamfikiaje tabibu wa Mtaa wa Kongo au wa Msimbazi, ambaye tangu asubuhi hata usiku ana foleni mlangoni? Tazameni wafanyabiashara wetu wa Kariakoo. Hakuna auzaye kwa bei ya jana bila kuuliza. Kabla ya kufungua magunia huuliza jirani, shehena ngapi zimeingia, na bei imesimamaje. Asiyeuliza hupata hasara ya fedha. Tabibu asiyeuliza hasara yake humwangukia mtu mwingine, tena mtu asiyejua ya kuwa amepata hasara.

Hiyo ndiyo kazi ya chama. Waraka wa Serikali waweza kuleta amri, lakini waraka haujibu swali. Katika mkutano wa wenzake tabibu aweza kusema, "Mgonjwa wangu alikufa, nilikosa wapi?" Neno hilo ni zito kulisema mbele ya watu, lakini mbele ya wanaoijua kazi huwa somo kwa wote, na mgonjwa wa pili hupona kwa sababu ya wa kwanza.

Jambo hili si geni. Mwaka 1832, katika mji wa Worcester huko Uingereza, tabibu Charles Hastings aliwakusanya wenzake waliokaa mbali na London ili wapashane maarifa, na chama kile ndicho kilichokua kikawa chama cha madaktari wa Uingereza nzima. Kwetu, shule ya madaktari ilianza hapa Dar es Salaam mwaka 1963, na mwaka 1965 kikaanzishwa Chama cha Madaktari Tanzania. Baadaye wakapata vyama vyao hata madaktari wa watoto na wale wa uzazi. Wengi wetu hulijua jina la chama kwa habari za ugomvi tu, kwani twaukumbuka mgomo wa mwaka 2012. Hatukuja kuyahukumu hayo. Twasema tu ya kuwa ugomvi una kelele, na mafundisho hayana.

Walakini tuseme kweli yote. Siku hizi Baraza la Madaktari Tanganyika hutaka tabibu aonyeshe ya kuwa ameendelea kujifunza ili leseni yake idumu. Ni vema, lakini yuko awezaye kuhudhuria kwa ajili ya cheti, akasinzia hata chakula kiletwe. Tena wauza dawa hupenda kugharimia mikutano, na agharimiaye karamu hutaka kusikilizwa. Yawapasa wenye vyama wajilinde na mambo haya mawili.

Nasi tunayo yetu. Wenye hospitali na zahanati wampe tabibu ruhusa na nauli, hasa yule aliye peke yake shamba, maana ndiye asiye na jirani wa kumwuliza. Na sisi wagonjwa, tukikuta amekwenda mkutanoni, na aliyebaki aweza kututazama, tusinung'unike.

Na yule bibi wa Kariakoo twamjibu hivi: Bibi, mwaka jana tabibu alijua yaliyojulikana mwaka jana. Amekwenda leo ili mjukuu wako asitibiwe kwa maarifa ya mwaka jana.