Mahali Tunapoanzia Hadithi

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia za wakimbizi wa ndani na viongozi wa Masisi na Walikale

Tunajua wengi wenu mmeacha kazi za siku, na wengine mmetembea tangu alfajiri.

Tuliombwa tuzungumze juu ya upendeleo. Siyo ule wa mtu anayempa ndugu yake jetoni mbili siku ya mgawo. Huo mnaujua, na dawa yake ni kuhesabu upya. Tunasema juu ya ule ambao mtu anao bila kujua, hata akiwa mwaminifu. Wahenga walisema kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Yule mwamba ngoma si mwizi. Anavuta tu kuelekea pale alipokaa, na hakuna awezaye kuwamba ngoma bila kukaa mahali.

Tuanzie hapa hapa kwetu. Waulize watu watatu vita vya Masisi vilianza lini. Wa kwanza atasema 1937, pale Wabelgiji walipounda MIB, ofisi ya kuwahamisha watu kutoka Rwanda na kuwaleta kwenye milima ya Gishari. Wa pili atasema Machi 1993, pale watu walipouawa katika soko la Ntoto, Walikale, na mauaji yakapanda mpaka Masisi. Wa tatu atasema Julai 1994, pale wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu, wakiwa pamoja na askari na Interahamwe wenye silaha. Miaka hiyo yote ni ya kweli. Hakuna aliyedanganya. Lakini kila mwaka una mkosaji wake, na msimulizi ameshahukumu kabla hajataja jina la mtu yeyote.

Tukae kidogo kwenye hiyo habari ya Gishari, maana ndiyo inayorudi katika kila mkutano wa ardhi. Tangu amri ya 1885, ardhi ambayo Mzungu hakuona nyumba wala shamba juu yake ilihesabiwa kuwa tupu, mali ya serikali. Kwa Muhunde haikuwa tupu. Palikuwa na pori la kuwinda, mashamba yaliyopumzishwa, na makaburi. Kwa familia iliyoletwa kutoka Rwanda, serikali ndiyo iliyowahamisha, ikawaonyesha kipande cha kulima, ikapokea kodi yao. Wajukuu wa hawa na wa wale wanasema leo “ardhi hii ni yetu”, na kila mmoja anasema kile alichosikia kwa babu aliyemwamini. Ni nani kati yao mwongo?

Msidhani sheria imepona ugonjwa huo. Sheria ya uraia ya 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokaa Kivu tangu kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikarudi nyuma mpaka 1885. Ile ya 2004 ikachukua siku ya uhuru, 1960. Mzee mmoja angeweza kuwa raia, kisha mgeni, kisha raia tena, bila kuhama nyumba yake. Wabunge nao walichagua mahali pa kuanzia.

Labda mtasema, hayo ni mambo ya siasa, twende kwenye hadithi za wazee ambazo hazina ugomvi. Ndugu zetu Wanyanga wanamjua Mwindo. Mwaka 1956, huku Walikale, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alimwandika msimulizi aitwaye Rureke, na mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene wakaitoa hadithi hiyo katika kitabu kule Marekani. Leo wanafunzi wa vyuo vya mbali wanasema “hadithi ya Mwindo” kana kwamba ni moja. Lakini Biebuyck mwenyewe alikuwa ameandika pia masimulizi ya watu wengine, akayatoa mwaka 1978, na hayalingani. Mzee wa bonde moja hasimulii kama mzee wa bonde lingine. Hakuna aliyeiharibu hadithi. Ni kwamba sauti moja ilichapwa kwanza, na ile inayochapwa kwanza huitwa ya kweli.

Sasa utafiti, maana ninyi mmeulizwa maswali mengi kuliko watu wengi duniani. Mwaka 2008 shirika la IRC lilitangaza kwamba watu milioni 5.4 walikufa katika nchi yetu kwa sababu ya vita tangu 1998 hadi 2007, wengi wao kwa magonjwa na njaa. Watafiti wengine wakapinga. Wabelgiji wawili waliohesabu miaka ya 1998 mpaka 2004 walipata kama 200,000. Tofauti hiyo inatisha, na wako wanaodhani kuna waliotaka kuwaficha maiti wetu. Sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa juu ya swali moja: bila vita, wangekufa wangapi? IRC walichukua wastani wa Afrika kusini ya Sahara. Wapinzani wakasema Kongo ilikuwa mbaya kuliko wastani huo hata kabla ya risasi ya kwanza. Tena ni mahali pa kuanzia. Kwa mama aliyemzika mtoto njiani, swali hilo halina maana. Kwa anayepanga misaada, lina maana kubwa.

Na yako masimulizi ya wageni yaliyotuumiza kwa nia njema. Kwa miaka mingi watu wa nje waliamini kwamba vita vyetu ni vya madini tu. Habari za ardhi, za uraia na za madaraka ya kimila zilikuwa ndefu mno kwao. Julai 2010 Marekani ikatunga sheria juu ya madini yanayotoka kwenye vita, na Septemba mwaka huo serikali yetu ikafunga uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Kampuni nyingi za nje nazo zikaacha kununua. Watu wa Walikale wanakumbuka Bisie: wachimbaji, wabeba magunia waliopita msituni mpaka Njingala, akina mama waliouza chakula njiani. Wote walikosa kazi, na bunduki hazikunyamaza. Madini yalikuwa sehemu ya ukweli. Lakini sehemu moja ya ukweli ikitunga sheria peke yake, kuna mtu atakayelala njaa.

Tusiwasemee wengine tu. Sisi wenyewe tulipoanza kazi hii tulifika pale gari lilipoweza kufika, tukalala pale palipokuwa na ulinzi, tukaongea na wanaume wanaojua Kifaransa na Kiswahili. Mabibi wanaosema Kinyanga, Kihunde au Kinyarwanda peke yake tuliwasikia kupitia midomo ya wajukuu wao. Tuliwaomba wakubwa watupe orodha ya familia, wakatupa, na tukaja kuona kwamba wajane waliofika usiku hawakuwemo. Orodha haikuandikwa kwa ubaya. Aliyeandika aliwaandika wale aliowajua.

Kwa hiyo hatuji kuwaambia muache upendeleo. Tungewadanganya. Tunaomba jambo dogo zaidi. Katika mkutano wa ardhi, kabla ya kesi, kila upande utaje mwaka unaoanzia, na ule mwingine usikie bila kukata neno. Anayeandika aandike pia nani hakuwepo siku ile. Mtafiti akija, muulizeni ametumwa na nani, atapita njia gani, na karatasi yake itasomwa wapi. Na viongozi, tafadhali, msisome orodha ofisini. Isomeni uwanjani kwa sauti, ili yule asiyesikia jina lake aweze kusimama.

Tumesema vya kutosha. Tungependa kuanza na akina mama waliokaa nyuma kule, kisha bami, kisha vijana. Semeni kwa lugha mnayoitaka, wako watakaotafsiri. Mwandishi ataandika yote, hata yale ambayo sisi hatutayapenda, na kesho asubuhi atayasoma hapa hapa kabla hatujapanda gari.