Tuwarudishe Baba kwenye Shikome
Hotuba ya Kamati ya Elimu katika harambee ya mwaka ya chama chetu



Kila mwaka tukisimama hapa huwa tunahesabu mabati na mifuko ya saruji. Mwaka huu, kabla ya kufika huko, tunaomba ruhusa tujihesabu wenyewe, hasa sisi kina baba.

Mwezi Machi wajumbe wa kamati tulikwenda nyumbani kukabidhi madawati. Tulikuta kikao cha wazazi wa kidato cha pili. Kina mama na mabibi walijaa chini ya mwembe. Wanaume, ukituondoa sisi wageni na mwenyekiti wa kijiji, walikuwa wanne. Mwalimu wa darasa alituonyesha daftari lake la namba za simu. Kwa upande wa baba, nyingi zilikuwa hazipatikani, kwa sababu rashi ikihama, na laini ya simu hubadilishwa. Mama mmoja alituambia kuwa mumewe yuko machimboni mwaka wa pili sasa. Fedha anatuma, tena si haba. Lakini mtoto wao wa mwisho akionyeshwa picha, huuliza huyo ni nani.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu mwenzetu huyo. Wengi wetu tulioko mijini tunafanana naye. Tunatuma kwa simu, tunauliza kama zimefika, tunakata.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka shikome. Jioni moto uliwashwa karibu na zizi, baba na babu wakakaa, na vijana wakakaa nao. Hapo kijana alijua ukoo wake, mipaka ya ngitili, dalili za ng'ombe mgonjwa, na namna ya kusema mbele ya wakubwa. Shikome haikuwa na gharama yoyote ila baba mwenyewe awepo.

Hatusemi kwamba zamani yote ilikuwa njema. Pamba ilipouzwa, fedha ziliingia mfukoni mwa baba, ingawa waliopalilia na kuchuma ni mama na watoto. Binti naye alitazamwa kwa idadi ya ng'ombe atakaoleta. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2010 uliikuta Shinyanga ikiongoza nchini: asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 17, ilimpa baba nafasi ya kwanza ya kuridhia ndoa ya binti wa umri huo. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

Kwa hiyo mamlaka ya baba yamepungua, na ni vizuri yapungue. Wajibu wake haujapungua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto matunzo pamoja na mwongozo. Matunzo yanaweza kupita kwenye simu. Mwongozo unataka mtu.

Sasa tuseme juu ya dhahabu. Baba zetu walikwenda Mwadui kwenye almasi tangu miaka ya 1940, kwa hiyo kuondoka nyumbani si jambo geni. Lakini mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, na wachimbaji wadogo wakaendelea kujaa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Kakola na Mwime, kuondoka kukawa ndiyo maisha. Aliyeajiriwa anajua zamu yake, na sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa angalau siku 3 za likizo mtoto wake akizaliwa. Mwenye duara hana zamu wala likizo. Duara likitema, anaogopa kuliacha. Lisipotema, anaona haya kurudi mikono mitupu.

Haya hiyo ndiyo inayomchelewesha kuliko umbali. Kutoka Kakola hadi kwetu ni safari ya saa chache tu. Na haya hiyo tumemfundisha sisi, kwa sababu tumemzoesha kuamini kwamba baba ni kile anacholeta. Ndiyo maana ada ilipofutwa mwaka 2016, wapo walioona kama ubaba nao umefutwa.

Wanaoumia ni watoto. Mvulana wa miaka 13 anakwenda machimboni kumtafuta baba, anaishia kwenye karasha. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania, yakiwemo ya Geita na Shinyanga: wanashuka mashimoni, wanasaga mawe, wanashika zebaki kwa mikono mitupu. Binti naye anatembea mwendo mrefu kwenda sekondari, na anayempa lifti kila siku ana lake jambo.

Lakini yapo ya kutia moyo. Tunawaona vijana wa kiume wakiwasindikiza wake zao kliniki, na mwanamume akimbeba mtoto mgongoni hachekwi kama zamani. Wapo kina mama waliobaki nyumbani wakajenga, wakanunua mifugo, wakasomesha. Baba anayerudi asitegemee kuikuta nafasi ya mtemi ikimsubiri. Nafasi iliyopo ni ya mwenza wa mama na mlezi wa watoto, nayo ni kubwa.

Ndugu zetu, mwaka huu tuna maombi mawili.

La kwanza ni bweni la wasichana la sekondari ya kata yetu. Kuta zimefika kwenye lenta. Tunahitaji mbao, mabati, milango, madirisha na vitanda, ili mabinti wahamie kabla ya mvua za mwakani. Fomu ya ahadi iko ndani ya kijitabu hiki.

La pili halihitaji shilingi. Kwenye fomu hiyo hiyo tumeweka mistari miwili kwa kila baba, hata aliyeko machimboni. Mstari wa kwanza, andika namba itakayopatikana, au ya ndugu anayejua ulipo, tumpelekee mwalimu wa darasa. Mstari wa pili, chagua Jumamosi moja ya Desemba, wakati wengi tunarudi nyumbani. Jioni hiyo tutawasha shikome kwenye uwanja wa shule, na safari hii mabinti nao watakaa. Njoo uwaeleze watoto kazi yako, hatari zake, na makosa uliyofanya ukiwa na umri wao. Kama mwaka huu duara halikutema, njoo hivyo hivyo. Hakuna atakayekuuliza umeleta nini.

Sisi wajumbe wa kamati tulio kina baba tumeshajaza mistari yetu. Majina yetu yako juu kabisa ya orodha, na tusipofika mtatuuliza mbele ya harambee ijayo.