Utani, Kitendawili na Malumbano: Ridhaa na Haki ya Kujibu katika Mchezo wa Maneno

1. Utangulizi

Waswahili na majirani zao wana namna nyingi za kuchezea maneno bila kuvunja undugu. Mhadhara huu utachunguza tatu: kitendawili, utani na malumbano ya washairi. Wataalamu wamezoea kuzitenga. Kitendawili huwekwa katika kundi la semi, malumbano huhesabiwa kuwa ushairi, na utani huachiwa wanaanthropolojia. Mgawanyo huo una manufaa yake, lakini unaficha jambo ambalo namna zote tatu zinashirikiana: anayesema hupewa ruhusa kabla ya kusema, na anayeambiwa ana haki ya kujibu. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba masharti hayo mawili, wala si upole au ukali wa maneno yenyewe, ndiyo yanayotenganisha mchezo na matusi.

2. Kitendawili na mji

Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira huitika "Tega!" Aghalabu mwitiko huo huchukuliwa kuwa pambo la ufunguzi tu. Hata hivyo, kisarufi ni kitenzi cha kuamuru, na ni kitenzi kile kile cha mwindaji anayetega mtego. Hadhira yenyewe ndiyo inayotaka itegwe. Kinyume chake ni kutegua, kitenzi cha kauli ya kutendua, kama ilivyo kwa funga na fungua, au fumba na fumbua. Lugha imeziweka pande mbili za mchezo katika mzizi mmoja: anayetega anajua kwamba mtego wake unaweza kuteguliwa.

Anayeshindwa naye ana nafasi yake. Huambiwa "Nipe mji", na akiisha kuutoa, mtegaji husimulia kwa ufupi safari yake ya kwenda huko, kisha hutoa jibu. Hivyo kushindwa hulipiwa kwa mji wa kuwazia, na deni huisha papo hapo mbele ya watu. Vitabu vingi vya shule huchapa vitendawili kwa orodha, swali upande huu na jibu upande ule. Mwanafunzi anayevisoma hivyo atajua kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, lakini hatajifunza namna ya kushindwa bila kuaibika.

3. Utani na mzaha

Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown aliueleza utani kuwa uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumdhihaki mwenziwe, naye mwenziwe hatakiwi kukasirika. Miaka 4 baadaye R. E. Moreau alichapisha makala kuhusu mahusiano ya namna hiyo katika Tanganyika. Mfano mashuhuri ni wa Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na ambao wajukuu wao ni watani. Penye msiba mtani huweza kuigiza vituko vya marehemu, akawachekesha wafiwa na kudai fedha kabla ya maziko kuendelea. Ndugu wa damu hathubutu kufanya hivyo. Lakini mtani huyo huyo hutarajiwa kufika mapema na kushika kazi za maziko.

Nomino mtani inastahili kuangaliwa kwa makini. Asha akiwa mtani wa Juma, basi Juma naye ni mtani wa Asha. Ni sawa na rafiki na jirani: haiwezekani kuwa jirani wa mtu asiye jirani yako. Mtu anaweza kupinga kwamba kutendana si dalili ya mapatano, kwa kuwa Kiswahili kina taniana na pia tukanana. Pingamizi hilo ni la haki, na linaonyesha kuwa kiambishi -an- peke yake hakitoshi. Tofauti imo katika nomino. Kutokana na tukana hupatikana mtukanaji, yaani mtenda, lakini hakuna nomino ya uhusiano inayomfanya mtukanwaji kuwa mwenzake. Aidha, mzaha si utani. Mzaha mtu humfanyia yeyote, hata asiyemjua, na methali isemayo "Mzaha mzaha hutumbuka usaha" imeuonya mzaha, haikuugusa utani.

4. Malumbano

Katika malumbano sharti la kujibu linaonekana katika umbo lenyewe la shairi. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu. Desturi ya kujibizana iliendelea katika kurasa za mashairi za gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Tanganyika mwaka 1923. Anayejibu hutarajiwa kulipokea shairi katika bahari ile ile. Kwa kufanya hivyo anakiri kwamba mpinzani wake ni fundi anayestahili jibu, hata anapomwita mjinga.

Ni vyema kutofautisha malumbano na ngonjera, utanzu uliohusishwa sana na Mathias Mnyampala. Ngonjera ina sauti mbili, lakini mtunzi ni mmoja, na mwafaka umepangwa tangu awali. Katika malumbano hakuna ajuaye jibu litakuwaje. Mgogoro wa vina na mizani ulikuwa wa namna hiyo. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, mwaka 1974, na Malenga wa Bara cha K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi, miaka 2 baadaye, viliwakera wanamapokeo, nao wakajibu kwa nguvu. Mwafaka kamili haukupatikana, lakini leo pande zote mbili husomwa katika darasa moja la fasihi.

5. Hitimisho

Jambo hili linavuka mipaka ya fasihi. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, ambamo watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha, Bunge lilipitisha mwaka 2008 sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa, inayoadhibu matamshi ya chuki ya kikabila. Tangu hapo, mwenye kusema ovyo huweza kujitetea kwamba alikuwa akitania tu. Isimu haiwezi kumjibu kwa kupima neno peke yake, maana neno lile lile Mngoni humwambia Mhehe wakacheka wote. Inaweza kuuliza maswali mawili: je, aliyeambiwa aliwahi kuitika "Tega"? Na je, angeweza kujibu kwa maneno ya uzito ule ule, mbele ya watu wale wale, bila kuogopa kudhurika? Ikiwa jibu ni hapana kwa mojawapo, msemaji hakutania. Kazi ya wanafunzi wa Kiswahili ni kuyarudisha maswali hayo katika ufundishaji wa semi na ushairi, ili kanuni za mchezo zifundishwe pamoja na maneno yake.